Karatasi Nyeupe na Karatasi ya Samawati: Jinsi Kwale Inavyopiga Kura

Kila uchaguzi mkuu unapokwisha nchini Kenya, magazeti na runinga huchora ramani ya kaunti 47, kila moja ikiwa imepakwa rangi ya mgombea urais aliyeongoza humo. Katika ramani hiyo Kwale, kaunti ya kusini kabisa mwa Pwani, haijawahi kubadilika tangu ilipokuwa kaunti. Mwaka 2013, mwaka 2017 na mwaka 2022 ilimpa Raila Odinga kura zake kwa tofauti kubwa, na kwa sababu hiyo wachambuzi wameizoea kuiita ngome, neno ambalo likishatamkwa huwa limefunga mjadala. Ngome haiulizwi maswali, wala wakazi wake hawadhaniwi kuwa wamekaa wakafikiri. Mimi ni mzaliwa wa upande huu wa kusini mwa kivuko cha Likoni, na nimesikia neno hilo likitumiwa juu yetu kwa miaka mingi na watu ambao hawajawahi kufika Kinango wala Mwereni. Nimeamua kuandika kwa urefu kuhusu kile ambacho ramani hiyo haikionyeshi, kwa kuwa naamini kwamba wapiga kura wa Kwale ni miongoni mwa wapiga kura makini zaidi katika nchi hii.

Tuanze na mwaka 2022, kwa sababu matokeo yake yanatosha kumchanganya yeyote anayeiamini ramani. Siku ya tarehe 9 Agosti, watu walewale, katika foleni ileile, walimpa Raila wa muungano wa Azimio kura nyingi za urais, kisha wakamchagua Fatuma Achani wa UDA, chama cha mpinzani wake William Ruto, kuwa gavana, na hivyo akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kaunti ya Pwani. Kiti cha seneta wakakirudisha kwa Issa Boy wa ODM, chama cha Raila mwenyewe, na cha mwakilishi wa wanawake wakampa Fatuma Masito, naye wa ODM. Ubunge ndio unaoshangaza zaidi. Kwale ina maeneo bunge manne, na kila moja lilituma bungeni mtu wa chama chake: Msambweni ikamchagua Feisal Bader wa UDA, Lunga Lunga ikamchagua Mangale Chiforomodo wa UDM, Matuga ikamrudisha Kassim Tandaza wa ANC, na Kinango ikampa Gonzi Rai wa ODM. Sijui ni ngome gani yenye milango minne inayofunguka pande nne.

Wanasiasa wetu hupenda kuhubiri kura ya mtindo wa suti, yaani mpiga kura achague chama kimoja kuanzia rais hadi mwakilishi wadi. Kwale imeusikia wimbo huo kutoka kwa kila mrengo na imekataa kuucheza. Wala jambo hili halikuanza na ugatuzi. Mwaka 2007, Pwani kwa jumla ilipoegemea chama cha Chungwa, yaani ODM, watu wa Matuga walimchagua Chirau Ali Mwakwere kwa tiketi ya PNU, chama cha Rais Kibaki. Mahakama ilipoubatilisha ushindi huo na uchaguzi mdogo ukafanyika mwaka 2010, wakamrudisha bungeni kwa tiketi ileile, ingawa ODM ilifanya kampeni kubwa dhidi yake.

Niliuona mgawanyiko huo kwa macho yangu mwaka 2017, nilipokuwa karani wa uchaguzi katika kituo kimoja cha Lunga Lunga. Tulihesabu usiku, darasani, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani na taa mbili za betri zikiwa zimening'inizwa kwenye mbao za paa. Kura za urais, zile karatasi nyeupe, ndizo huhesabiwa kwanza. Msimamizi wa kituo aliinua moja moja, akaigeuza ili kila wakala aone alama, akasoma jina, kisha akaiweka kwenye rundo lake. Rundo la Chungwa lilipanda haraka hata ikabidi ligawanywe mafungu, na mawakala wa chama hicho wakaanza kupeana mikono. Saa nyingi baadaye likafunguliwa debe la karatasi za samawati, za ugavana, na mikono miwili iliyoshikana, alama ya Jubilee, chama cha Rais Uhuru Kenyatta, ikaanza kutokea moja baada ya nyingine. Wakala kijana wa ODM aliomba karatasi fulani irudiwe kuangaliwa, kisha nyingine, na alipoona mambo ni yaleyale akamuuliza mzee aliyeketi kando yake kama debe hilo kweli lilikuwa la kituo chetu. Mzee yule, ambaye alikuwa wakala wa mgombea huru wa udiwani, alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake: "Ni watu walewale, mwanangu. Andika."

Aliyekuwa akishinda katika karatasi zile za samawati ni Salim Mvurya. Mwaka 2013 alichaguliwa gavana wa kwanza wa Kwale kwa tiketi ya ODM, mwaka 2016 akahamia Jubilee, na wengi huku nje wakamtabiria kifo cha kisiasa, kwa kuwa mtu hahami kutoka chama kinachopendwa kwenda kwa chama kinachokataliwa akabaki salama. Alibaki salama. Kwa nini? Nimewauliza watu wengi swali hilo katika miaka iliyofuata, na jibu lililonikaa zaidi ni la mama mmoja wa Dzombo ambaye tulikutana tukisubiri gari. Alinieleza kwamba mtoto wake wa kwanza alianza shule akiwa mkubwa kwa kuwa chekechea ilikuwa mbali, na wa mwisho alianza akiwa na miaka minne katika jengo la kaunti linaloonekana kutoka kwake mlangoni. "Sasa wewe ndugu yangu," akasema, "nikamnyime kura kwa sababu ya shati alilovaa? Rais ni jambo jingine."

Hilo la rais kuwa jambo jingine ndilo ninaloliona kuwa kiini cha siasa za kaunti yetu, na lina msingi katika sheria kuliko wachambuzi wanavyodhani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa kazi za serikali mbili. Chekechea, zahanati na hospitali za kaunti, maji, kilimo na barabara ndogo viko chini ya gavana. Hatimiliki za ardhi, vitambulisho na polisi viko chini ya serikali ya taifa. Ukiyaweka malalamiko ya watu wa Kwale juu ya mgawanyo huo, utaona kwamba yanagawanyika vivyo hivyo. Kiu na chekechea ni za mlango wa gavana, na yale makubwa ya zamani, yaliyorithiwa kutoka kwa mababu, yote yako mlango wa Nairobi. Mama yule wa Dzombo hajasoma Jedwali la Nne, lakini anapiga kura kwa kulifuata kwa usahihi ambao sijauona katika hotuba za viongozi wake.

Yale makubwa ya zamani yanahitaji kuelezwa, kwa sababu kura ya urais ya Kwale haieleweki bila ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa pwani, ikiwataka wenye madai wayawasilishe yaandikishwe. Waliokuwa na makaratasi na waliojua njia ya kufika ofisini waliandikishiwa mashamba, na jamii za Mijikenda, Wadigo na Waduruma wakiwemo, ambazo ardhi yao ilijulikana kwa makaya, yaani misitu yao mitakatifu, na makaburi na minazi, zikajikuta zinaishi juu ya ardhi ya Serikali au ya mtu asiyemjua. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mipaka hiyo ya karatasi ilibaki kama ilivyokuwa. Viwanja vya ufukwe wa Diani vilikwenda kwa wenye uwezo na wenye kujuana. Neno maskwota likawa jina la watu ambao babu zao walizaliwa palepale.

Ndiyo sababu wazo la majimbo, yaani kila sehemu ya nchi ijiendeshee mambo yake, halijawahi kufa huku. KADU, chama cha Ronald Ngala, kililinadi mwanzoni mwa miaka ya sitini, kabla hakijajivunja mwaka 1964 na kuingia KANU. Mwaka 1997 hasira hiyo ilipotoshwa na kugeuzwa umwagaji damu: kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa mwezi Agosti, msitu wa Kaya Bombo katika Kwale ukatajwa kuwa ndiko vijana walikoandaliwa, watu zaidi ya 100 wakauawa, na maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya bara, wakakimbia makazi yao miezi michache kabla ya uchaguzi. Silisemi hili kwa kulipitia tu. Majirani zetu waliuawa, na bado kuna familia upande huu ambazo hazikuwahi kurudi.

Baadaye Baraza la Kirepublika la Mombasa, MRC, likaja na kauli yake ya "Pwani si Kenya". Serikali ililiharamisha mwaka 2010, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2012, na mwezi Oktoba mwaka huohuo kiongozi wake akakamatwa Kombani, hapa hapa Kwale. Kundi hilo liliwahimiza watu wasipige kura mwaka 2013. Wengi hawakulitii, lakini wengi zaidi walikubaliana na maswali yake kuliko walivyokubaliana na majibu yake, na kura kwa Raila ikawa njia ya amani ya kuyauliza maswali hayo debeni. Mpinzani ambaye amesimama mara nyingi na kunyimwa, kama wengi walivyoamini, alikuwa na jambo la kufanana na watu wanaoamini kuwa wamenyimwa. Sera zake walizijua wachache. Ninasema hivi kwa heshima, kwa kuwa nami nilipiga kura hiyo na najua nilikuwa nikipigia nini.

Hata hivyo, hisia hiyo si ya wote, na hapa ndipo rangi moja ya ramani inapowafuta watu. Katika Shimba Hills kuna jamii kubwa ya Wakamba waliopewa mashamba, na hesabu zao za urais hufuata zaidi mahali alipo Kalonzo Musyoka, mwanasiasa mkuu wa Ukambani. Ukunda na Diani kuna wafanyakazi wa hoteli, madereva wa bodaboda na wafanyabiashara kutoka kila pembe ya nchi. Kisha wako Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, yakiwemo yale ya Ramisi, na kwa miongo mingi vizazi vyao vilivyozaliwa Kwale havikuwa na kitambulisho, kwa hiyo havikuwa na kura, akaunti ya benki wala laini ya simu yenye majina yao. Mwezi Oktoba mwaka 2016 walifunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi, wakafika Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wasajiliwe. Mwanzoni mwa 2017 walipewa vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Jirani yangu mmoja Mmakonde, mchongaji wa vinyago ambaye alikuwa ameshapata wajukuu, alipiga kura yake ya kwanza mwaka huo. Aliniambia atamchagua aliyemfungulia lango la Ikulu, na sikuwa na hoja ya kumjibu. Kwake, Nairobi haikuwa mahali pa kuulizwa deni la 1908, ilikuwa mahali palipomfanya raia. Mwaka 2023 Wapemba wa Kenya, ambao wengi wao ni wavuvi wa pwani hii na ya Kilifi, walitambuliwa nao chini ya Rais William Ruto. Hawa ni watu wachache kwa idadi, lakini katika wadi ambayo mshindi hupatikana kwa kura mia mbili tatu, si wachache hata kidogo.

Huwa naambiwa kwamba ninawapamba watu wetu, na kwamba ukweli ni rahisi zaidi: watu hununuliwa. Sikatai kwamba pesa hutembea. Kofia, leso, unga na noti za shilingi mia mbili huonekana katika kila kampeni, na ni aibu yetu sote. Lakini hoja hiyo haielezi kitu, kwa sababu wagombea wote wenye uwezo hugawa, na mpiga kura hupokea kwa wote halafu akabaki na karatasi sita na kalamu nyuma ya kizuizi. Pesa zingekuwa ndizo zinazoamua, mgawanyiko wa kura ungefuata ukubwa wa mifuko, na ushahidi wa Msambweni unaonyesha vingine.

Mbunge wa Msambweni, Suleiman Dori, alifariki mwezi Machi 2020, na uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 15 Desemba. Wakati huo Rais Kenyatta na Raila walikuwa wameshapatana kwa salamu ya mikono ya mwaka 2018, Jubilee ikaamua kutosimamisha mgombea ili kuiachia ODM, na kwa hesabu za Nairobi kiti kilikuwa kimeshapatikana. ODM ikamsimamisha Omar Boga. Feisal Bader, aliyekuwa akifanya kazi na marehemu, akasimama kama mgombea huru, akiungwa mkono na Ruto, ambaye alikuwa naibu wa rais aliyetengwa serikalini, na pia na Gavana Mvurya. Feisal alipata kura 15,251 na Boga 10,444. Magazeti ya siku iliyofuata yaliandika kuhusu Ruto na Raila, kana kwamba majina hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye karatasi. Huku chini mazungumzo yalikuwa tofauti kabisa. Watu wa Kinondo na Ramisi waliniambia habari ya kijana waliyemjua kwa sura, ambaye alikuwa akipokea simu zao za basari na za maiti iliyokwama hospitalini hata kabla hajawa na cheo. Na waliongeza jambo moja ambalo vyama vikubwa vingefaa kulisikiliza: walichoka kuletewa mgombea aliyekwisha amuliwa mbali, wao wakabaki na kazi ya kupiga muhuri. Miaka miwili baadaye wakampa Raila kura zao za urais, na wakamrudisha Feisal bungeni kwa chama cha Ruto.

Tandaza wa Matuga ni mfano mwingine ninaoupenda kwa sababu ni wa kimya. Alichaguliwa mwaka 2017 kwa tiketi ya ANC, chama ambacho wakati huo kilikuwa upande wa Raila katika muungano wa NASA. Kufikia 2022 ANC ilikuwa imehamia Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Mgombea hakubadilisha chama, chama ndicho kilichobadilisha upande, na mpiga kura wa Waa na Tiwi akamchagua palepale, huku kura yake ya urais ikibaki ilipokuwa.

Sitaki kuifanya picha hii iwe nzuri kuliko ilivyo. Ushindi wa ugavana wa 2022 ulipatikana bila nusu ya kura, kwa kuwa waliompinga Achani waligawanyika kati ya Profesa Hamadi Boga wa ODM na Lung'anzi Chai Mangale wa PAA. Sehemu ya kile ninachokiita umakini wa wapiga kura ilikuwa pia kushindwa kwa wapinzani kuelewana. Tena, kumchagua mtu bila kujali chama kuna gharama yake: wanasiasa wetu wamejifunza kwamba wanaweza kuhama kila msimu bila kuulizwa, na bunge la kaunti lenye wawakilishi wa vyama vingi hivyo hupata shida kumsimamia gavana kwa msimamo wa pamoja. Nalo suala la Wadigo na Waduruma, nani apewe tiketi na nani awe naibu, halikosekani katika kikao chochote cha kupanga uchaguzi, hata kama hotuba za jukwaani hulikwepa.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni wasiofika kituoni. Mwaka 2022 waliojitokeza nchini kote walikuwa takriban asilimia 65 ya waliosajiliwa, na Kwale, kama kaunti nyingine za Pwani, ilikuwa chini ya hapo. Katika uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba 2017, baada ya Mahakama ya Juu kuubatilisha ule wa Agosti na Raila kujiondoa, vituo vya upande wetu vilikaa vitupu. Kususia kwa siku ile kulikuwa na maana iliyojulikana. Kutofika kwa 2022 ni kwa aina nyingine. Vijana wa Kasemeni na Mackinnon Road ninaozungumza nao hawajakasirika; wameshahitimisha kwamba ile karatasi nyeupe haijawahi kuwaletea hatimiliki, na kwa kuwa hawaamini nyeupe, hawaamki kwenda kuipokea ya samawati. Mgodi wa titani wa Nguluku na Maumba ulifanya kazi zaidi ya miaka kumi na ukafunga mwishoni mwa 2024, na wengi wao wameuona mzunguko mzima wa mradi ulioitwa mkubwa kuliko yote kabla hawajapiga kura hata mara moja.

Sasa karatasi nyeupe yenyewe imebaki wazi. Raila alifariki tarehe 15 Oktoba 2025, miezi saba baada ya kutia saini makubaliano ya ushirikiano na Rais Ruto, na kwa mara ya kwanza tangu 2007 Kwale itakwenda debeni bila jina ambalo lilikuwa limebeba malalamiko yake ya taifa. Mvurya na Hassan Joho, aliyekuwa gavana wa Mombasa, waliokuwa wakivutana kwa ajili ya kura zetu, sasa wote ni mawaziri katika serikali moja. Wanaodhani kwamba kura hiyo itarithiwa kwa urahisi, iwe na ODM, na UDA au na mwingine yeyote, wanafanya kosa lile la ramani, kwa kuwa haikuwa kura ya chama hata mwanzoni. Aliyekuwa akiipokea ameondoka, na mashamba ya ufukweni bado hayajapata hati.

Tarehe 10 Agosti 2027 sitakuwa na haja kubwa ya kujua Kwale imepakwa rangi gani. Nitazitafuta fomu za vituo, hasa vya Mwereni, Kubo South, Kasemeni na Ramisi, nilinganishe jumla ya kura nyeupe na jumla ya za samawati katika kila darasa, kisha nilinganishe zote mbili na idadi ya waliosajiliwa hapo, kwa sababu humo ndimo itakapoonekana kama vijana wale wameamka.